Ufito Unaotazama Kaskazini

Bi Mitsue Akagi alikuwa anaanua nguo kabla jua halijagusa mlima, kama alivyofundishwa na mama yake, na alikuwa amefikia soksi za mumewe aliposikia kitu kikitua nje ya mlango wa jirani. Hakikuwa kishindo. Ilikuwa ile sauti ya nguo nzito inapotupiwa kwenye ufito, kisha vifungo vya chuma vikigonga mwanzi. Alizimaliza soksi kwanza, akaikunja kila moja na mwenzake, ndipo akatoka kutazama.

Ujia wa ghorofa ya tatu ulikuwa upande wa kaskazini wa jengo na haukuwahi kupata jua. Mbele ya mlango wa jirani yake, Bi Fusako Doi, ulining'inia ufito wa mwanzi wenye nguo mbili. Moja ilikuwa shati jeupe la marehemu Bwana Doi, lililokuwa hapo tangu mazishi ya mwezi wa tatu. Ya pili ilikuwa jaketi la jinzi, jipya kabisa, bado lina mikunjo ya boksi, linanuka moshi kidogo.

“Limekuja jingine,” alisema Bi Doi, amesimama mlangoni na mwiko wa wali mkononi. “Yaani Bi Akagi, sijui hata niyaweke wapi. Kabati limejaa, sasa nayapanga bafuni.”

“Pole,” alisema Bi Akagi. Hakumaanisha.

Katika mji wa Kojima, mtu akifa, nguo yake moja hufuliwa ikaanikwa ikitazama kaskazini, na kila jioni hunyunyiziwa maji isikauke, maana roho hupita penye moto kabla ya kufika inakokwenda, na unyevu ule huipoza. Walio hai huanika kusini na kuanua mapema, ili mambo yasichanganyike. Siku arobaini na tisa zikitimia, nguo ya marehemu huachwa ikauke, na watu hurudi kwenye shughuli zao. Bi Doi hakuiacha ikauke. Kila jioni alitoka na ndoo na kata, akalimwagia shati la mumewe mabegani, akalinyoosha kola, kisha akaingia ndani kula peke yake.

Kampuni ya Kazenuno, yenye makao yake Tokyo na kazi zake nyingi hapa Kojima, ilikuwa na tanuri kwenye mashamba ya zamani ya chumvi. Siku za Jumanne na Ijumaa ilichoma humo nguo zilizokosa wanunuzi. Nguo zikishaungua zilikuwa zimekufa, na zilikwenda kama wafu waendavyo, zikitafuta maji. Msimu ule, mjini kote, palikuwa na ufito mmoja tu wenye maji. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la kuitana. Mwenyekiti wa jengo alipanda ngazi kuuliza kama majaketi yanawadondoshea maji watu wa ghorofa ya pili, akaambiwa hayadondoshi, akashuka.

Bi Akagi naye angeyavumilia, laiti majaketi yangekuwa ya mtu mwingine. Lakini aliyeyashona ni yeye. Ilikuwa kazi ya mwisho ya karakana ya ushonaji alikoajiriwa, kabla haijafungwa. Kazenuno ilikuwa imeshirikiana na mwimbaji mmoja wa kike wa Osaka na chama cha kutetea wanawake wafanyakazi. Uzi ulitoka kwenye nyavu kuukuu zilizookotwa baharini, na mgongoni mwa kila jaketi yalitariziwa maneno KILA MKONO UNA JINA. Karakana iliambiwa iharakishe, ikaharakisha. Kisha mwimbaji akaonekana hotelini na mume wa mtu, chama kikajitoa, na majaketi yakabaki ghalani. Kuyauza kwa bei rahisi kungeishusha hadhi kampuni. Kuyagawa bure kungefanya yavaliwe na watu wasiotakiwa kuyavaa. Basi yakapelekwa tanurini kwa magari ya umeme, ili hewa isichafuke.

Jioni ile Bi Akagi aliushika mkono wa kushoto wa jaketi, akaligeuza pindo. Palikuwa na kifundo kidogo cha uzi, mahali ambapo cherehani yake ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma mara moja zaidi. Aliijua tabia ile kama anavyojua mkoromo wa mumewe. Akaurudisha mkono wa jaketi taratibu, akaaga, akaingia ndani, akafunga mlango kwa adabu, na pale nyuma ya mlango wivu ukamchoma kama mwiba wa samaki.

Kwa nini kwa Doi? Fusako Doi alikuwa ameuza pweza wakavu sokoni Shimotsui maisha yake yote. Hajui kushona hata kifungo. Vya mumewe alikuwa akivileta kwa Bi Akagi, na sahani ya pweza juu yake, anacheka. Sasa jasho la mtu mwingine linakuja lenyewe, linatua mlangoni pake, na yeye analipanga bafuni!

“Baba,” alimwambia mumewe, “wewe unaona ni haki?”

Mzee Yasuhei alikuwa anatazama mieleka kwenye televisheni. “Nini?”

“Majaketi yangu yanakwenda kwa Doi.”

“Si umwombe moja? Mwenyewe analalamika hana nafasi.”

“Nimwombe? Nikaombe nilichokishona?”

“Basi usimwombe,” alisema Yasuhei, na mwanamieleka wake akaangushwa.

Kweli, siku ya pili Bi Doi alibisha hodi akiwa amekunja jaketi moja vizuri ndani ya kitambaa cha zawadi. Bi Akagi alimkaribisha chai baridi ya shayiri na achari ya figili, akamsikiliza, kisha akakisukuma kifurushi kwa vidole viwili. “Ahsante, jirani, lakini mimi nguo ninazo.” Mgeni alipoondoka, alikaa akakitazama kidoa cha maji kilichoachwa mezani na glasi yake, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Wahenga wamekataza kuilalia mlango wazi bahati ya mwenzio. Bi Akagi aliilalia mlango wazi na dirisha pia. Alinunua ufito wa mwanzi unaofanana na wa jirani, akautundika ujiani, akaanika aproni zake zikitazama kaskazini, na yeye, mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha hata leso nje jua likizama, akaziacha. Alizimwagia maji. Alibadilisha sabuni. Siku moja, Bi Doi alipokwenda kliniki, alibadilisha fito zenyewe, wa huyu kwa wa yule. Asubuhi jaketi lilikuwa limetua kwenye shati la Bwana Doi kama kawaida, na kwenye aproni zake palikuwa na manyoya ya paka.

Katikati ya mwezi wa saba alikuja kijana wa kampuni, jina lake Kuze. Viatu vyake vilikuwa vya matairi yaliyotumika, na kadi yake, aliyoitoa kwa mikono miwili, ilikuwa ya karatasi ya pumba za mpunga. Alikuwa amesikia habari za majaketi. Alisimama mbele ya ufito wa Bi Doi, akainama kwa heshima, akabaki ameinama kwa muda mrefu.

“Mama,” alisema alipoinuka, “unajua hiki ni nini? Tokyo tumekitafuta miaka yote hii. Nguo isiyokufa!”

“Mi naona inajaza bafu tu,” alisema Bi Doi.

Kazenuno ikaanza ushirikiano mpya, safari hii na mjane wa Kojima. Ulipewa jina Pumzi ya Pili. Majaketi yote yaliyorudi yalichukuliwa, yakatiwa lebo inayosema IMERUDI. HAKUNA KINACHOTUPWA, na yakauzwa Tokyo kwa bei mara tatu ya yale ambayo hayakuwahi kuungua. Yaliisha kabla ya saa sita mchana. Watu wakataka zaidi. Basi tanuri likaongezewa siku, na baada ya muda majaketi hayakuwa na haja ya kupitia dukani yakose wanunuzi kwanza. Mapya yalitoka kiwanda kingine yangali ya moto wa pasi, yakaingia motoni moja kwa moja pamoja na yaliyobaki ghalani. Sehemu ya faida ilikwenda kupanda miti.

Halafu wakaja na kamera, wakapiga picha mikono ya Bi Doi.

Picha ilibandikwa kituo cha treni, kubwa kama mlango wa ghala: mikono miwili imeshika kola ya jaketi, na juu yake KILA MKONO UNA JINA. Bi Akagi alikuwa amekwenda kununua samaki. Alisimama mbele ya picha hadi samaki wakaanza kunuka. Ilikuwa mikono laini, yenye kovu moja la kisu cha pweza kwenye kidole gumba. Chanda chema huvikwa pete, wanasema, na pete ndiyo hii, imevikwa kidole kilichokamua wino wa pweza. Aliitazama mikono yake mwenyewe, yenye tundu la sindano lililopona vibaya kwenye kidole cha shahada, na akaificha chini ya kikapu, kana kwamba ndiyo iliyokosa.

Alimvizia Kuze kwenye ngazi.

“Mwanangu, yale majaketi niliyashona mimi.”

Kuze alifurahi kwa dhati. Uso ulimchangamka, akainama tena. “Kweli, mama? Jamani, hadithi nzuri sana hiyo! Nashukuru kwa kuniambia.”

“Basi?”

“Tatizo, mama, kila msimu tuna hadithi moja. Watu wakipewa mbili wanachoka. Na hii ya sasa ni ya mjane.” Akafikiri, maana alikuwa kijana mwenye moyo mzuri. “Wewe unaye marehemu?”

“Sina.”

“Pole sana,” alisema Kuze, kisha akaona kwamba hilo silo neno, lakini lilikuwa limeshatoka.

Bi Akagi aliingia ndani. Yasuhei alikuwa kwenye bafu, anaimba. Shati lake la mirabaraba, analolivaa kwenda kuvua samaki ukutani mwa bandari, lilikuwa juu ya kiti. Alilichukua, akalifua kwa mkono ingawa lilikuwa safi, akalitoa ujiani, akalitundika likitazama kaskazini. Alichota kata ya kwanza, akalimwagia mabegani.

“Mama!” aliita Yasuhei kutoka bafuni. “Umezima gesi? Maji yamekuwa baridi ghafla!”

“Sijagusa gesi.”

Alichota kata ya pili. Wimbo ukakatika.

Jioni ya pili Yasuhei alikula wali akiwa na taulo mabegani, na ya tatu akaomba ile meza yenye kipasha joto itolewe stoo, mwezi wa nane, nyenje wanapiga kelele nje, watu wanatembea wakijipepea. Bi Akagi aliitoa. Alimpikia supu ya tangawizi, akamfunika blanketi, akamkanda miguu, wala hakukuwa na unafiki katika hayo. Alikuwa anampenda mumewe. Kisha jua lilipoanza kuzama alitoka na ndoo.

Jaketi lilikuja siku ya Ijumaa. Alikuwa anaosha vyombo aliposikia vifungo vikigonga mwanzi, karibu zaidi kuliko vilivyowahi kugonga. Hakukimbia. Alifuta mikono kidole kwa kidole, akatoka. Lilikuwa kwenye ufito wake, limejilaza juu ya shati la mirabaraba. Aligeuza pindo la kushoto. Kifundo kilikuwapo.

Alilivaa pale pale ujiani. Lilimbana kidogo kifuani, lilinuka moshi, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa hata akaona haya. Alizunguka nalo jikoni. Alijitazama kwenye kioo cha dirisha, mbele, kisha mgongoni.

“Limenipendeza, Baba?”

Yasuhei aliinua kichwa kutoka kwenye blanketi. Kucha zake zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya jinzi iliyofuliwa mara nyingi. “Limekupendeza,” alisema. “Shati langu la kuvulia liko wapi? Nikipata nafuu nataka kwenda bandarini.”

“Nimelifua.”

Kesho yake jioni Bi Doi alitoka na ndoo yake, akalitazama vizuri lile shati la pili ujiani, ambalo alikuwa amelidhani nguo ya kawaida kama zile aproni. Akaweka ndoo chini, akashika mdomo.

“Bi Akagi! Mzee amefariki lini? Mbona sikusikia kitu?”

“Hajafariki.”

Bi Doi alilitazama shati, akaona linavyodondosha maji, akayatazama majaketi mawili mengine yaliyokuwa yamekuja siku ile kulilalia. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameuza pweza sokoni, na sokoni mtu hujifunza kuona jicho la kitu kilicho hai na kisicho hai.

“Lianue,” alisema.

“Na wewe anua lako.”

“Langu ni la marehemu.”

“Siku zake zilishapita. Unalimwagia la nini? Picha zako zimejaa kituoni, mikono yako inatazamwa na watoto wa shule. Unataka nini tena wewe? Mimi nimeinama kwenye cherehani mpaka uti wa mgongo umepinda, wewe unaletewa mlangoni!”

“Nani aliyeyataka?” Sauti ya Bi Doi ilipanda. “Yachukue! Yachukue yote, na lebo zake, na yule mtoto anayeinama inama. Unadhani natoka hapa kila jioni kungoja majaketi? Nikianua hili shati nitabaki na nani?” Akaishusha sauti, akasema, “Ukuta wetu ni mwembamba, Bi Akagi. Kila siku namsikia mumeo anakohoa. Anauliza chai iko wapi. Anauliza soksi. Naweka sikio ukutani, mtu mzima mimi, nasikiliza mume wa mwenzangu anavyokohoa, na wivu ninaousikia, we acha tu. Wewe unaye mtu wa kukuuliza soksi ziko wapi, halafu unamwanika kaskazini!”

Ndani, kana kwamba ameitwa, Yasuhei alikohoa, kikohozi kidogo, cha mtu asiyetaka kusumbua.

Bi Doi alilimwagia shati lake maji, akalinyoosha kola, akaingia, akafunga mlango.

Bi Akagi alibaki ujiani. Alilisogelea shati la mirabaraba. Kwenye kiwiko palikuwa na kiraka alichokitia yeye mwenyewe, zamani, mwaka mtoto wao alipohamia Nagoya, na mshono wake ulikuwa umekaa vizuri kuliko mishono yote aliyowahi kulipwa. Alikigusa. Kilikuwa baridi. Alitoa kibanio cha kwanza, bega la kulia likalegea, na ndani akamsikia Yasuhei akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alishika kibanio cha pili.

Ndipo viatu vya matairi vikasikika kwenye ngazi.

Kuze alikuwa na wapiga picha wawili. Alifika juu anahema, akaona ufito wa kwanza, akaona wa pili, akaona majaketi kwenye fito zote mbili, na machozi yakamlengalenga.

“Wawili!” alisema. “Mama Akagi! Na wewe! Pole, pole sana, mama yangu.” Aliinama kuliko siku zote. “Tokyo walikuwa wananiambia hadithi ya mjane imeanza kuchuja, wanataka ya mshonaji. Nami nikawaambia ninaye, basi tu hana...” Akatafuta neno. “Sasa unaye. Unaweza kuinua mikono? Hivyo hivyo, usiache kibanio. Mwanga ni mzuri.”

Bi Akagi aliitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa na kibanio ndani yake, mwingine ulikuwa umekamata bega la shati.

“Hivi?” aliuliza.

“Kama vile ndiyo unaanika, mama. Si kama unaanua.”

Alikirudisha kibanio mahali pake. Kamera zikafanya kazi. Ndani palikuwa kimya.

Picha mpya ilibandikwa kituoni baada ya sikukuu ya wafu, juu ya ile ya zamani, ikaifunika yote isipokuwa ukingo mmoja. Ilikuwa mikono yake, na kila kitu kilionekana, hata lile tundu la sindano. Juu yake yaliandikwa KILA MKONO UNA JINA, na chini yake jina la Kazenuno. Bi Akagi alikwenda kuitazama kila siku ya soko. Wanawake waliokuwa wanangoja treni waliisifu, wakasema hao wapiga picha ni hodari, tazama jinsi walivyoizeesha mikono ya Bi Doi. Siku ya kwanza aliwasahihisha. Siku zilizofuata alisimama nyuma yao, akasikiliza.

Tanuri sasa linawaka kila siku isipokuwa Jumapili. Majaketi yanatua kwenye fito zote mbili, na gari la umeme linapita kuyachukua kabla ya chakula cha jioni. Lile la kwanza, lililombana kifuani, walilichukua pia, maana lilikuwa mali ya kampuni. Bi Akagi huyahesabu yaliyokuja kwake, kisha huchungulia kwa jirani, na yakiwa mengi kule, huongeza kata moja ya maji.

“Mama,” Yasuhei huuliza kutoka ndani, kwa sauti ambayo siku hizi haivuki kizingiti, “lile shati langu?”

“Bado halijakauka, Baba,” anamjibu, na kuchota.